Risala ya Kikundi cha Wafugaji Samaki kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mavuno ya Bwawa

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Viongozi wa kijiji na kata,
Ndugu afisa uvuvi,
Walimu na wanafunzi mliofika,
Wazee wetu, majirani na wanakikundi wenzetu,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye mavuno haya. Risala nyingi huanza na historia ya kikundi, idadi ya wanachama na majina ya viongozi. Hayo yote yamo kwenye taarifa iliyo mezani kwako. Dakika hizi tunaomba tuzitumie kujibu swali ambalo wageni huuliza wakishaona nyavu zinavutwa: samaki hawa wamekula nini, na mbona maji yao ni ya kijani namna hii?

Maji ni ya kijani kwa sababu tumetaka yawe hivyo. Rangi ile ni vijimea vidogo mno, ambavyo kimoja kimoja havionekani kwa macho, na ndivyo vinavyonasa mwanga wa jua na kutengeneza chakula kwa usanisinuru. Vijidudu vya majini hula vijimea hivyo. Sato hula vyote viwili. Kambale humla sato mdogo. Kinachokufa, pamoja na kinyesi, huzama na kuwa chakula cha bakteria, minyoo na funza wa matopeni. Wapo wanaoamini kwamba samadi tunayotia ndiyo inayoliwa na samaki. Ni kweli sato huidonoa, na bakteria wanaoiozesha nao huliwa, lakini kazi kubwa ya samadi ni kuvipa vijimea virutubisho, hasa naitrojeni na fosforasi. Sehemu kubwa ya nishati inatoka juani. Kwa hiyo anayechimba bwawa chini ya miembe, maji yakashinda kivulini, anatupa samadi yake bure.

Nishati na virutubisho havisafiri kwa namna moja, na asiyejua tofauti hiyo hupata hasara asijue imetokea wapi. Nishati ni kama nauli: ukishalipa hairudi. Kila kiumbe huteketeza sehemu kubwa ya alichokula katika kupumua, kuogelea na kusaka mlo mwingine, na nishati hiyo hutoka mwilini kama joto. Kinachobaki kwa mlaji wa ngazi inayofuata hukadiriwa kuwa kama asilimia 10, pengine pungufu, pengine zaidi. Mwanasayansi kijana wa Marekani, Raymond Lindeman, ndiye aliyeiweka wazi hesabu hii katika makala ya mwaka 1942, kutokana na uchunguzi wake wa ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota. Alifariki kabla makala yenyewe haijachapishwa.

Kwa kiwango hicho cha asilimia 10, kilo 1,000 za vijimea zikiliwa moja kwa moja na sato huweza kuzaa kilo 100 za samaki. Zikiliwa kwanza na vijidudu, vijidudu vikaliwa na dagaa, dagaa akaliwa na sangara, zinabaki kilo 1. Hiyo ndiyo sababu tumemchagua sato, na ndiyo sababu mtu mwenye maji machache hawezi kumfuga kwa wingi kambale, mla nyama, bila kumnunulia chakula.

Virutubisho vina mwendo mwingine. Fosforasi iliyoingia bwawani haigeuki joto ikapotea. Inatoka kwenye samadi inaingia kwenye kijimea, kwenye samaki, kwenye kinyesi, kwenye tope, na ikipata nafasi inarudi tena majini. Swali la kujiuliza ni moja: sasa hivi imelala wapi?

Mheshimiwa mgeni rasmi, jibu la swali hilo huanza kabla maji hayajaingia. Tuchukue bwawa la mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300, lenye kina cha sentimita 80 upande wa kuingizia maji na mita 1.2 upande wa kutolea. Sakafu ikiwa ya udongo wenye tindikali, chuma na aluminiamu vilivyomo hushika fosforasi na kuifungia, na hata ukimwaga samadi nyingi maji hubaki meupe. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, na zaidi kidogo pale tindikali inapokuwa kali. Kwa bwawa letu la mfano ni kilo 30 hadi 60. Chokaa husambazwa kwenye sakafu iliyokauka, pamoja na kingo za ndani, kisha husubiriwa wiki moja hivi kabla ya kutia mbolea. Wenye haraka hutia vyote siku moja, na hapo kalisiamu ya chokaa huishika fosforasi ileile waliyotaka kuifungulia.

Samadi ya kuku ni kilo 4 hadi 6 kwa mita za mraba 100 kwa wiki, ikiwa kavu. Ya ng'ombe ni kilo 10 hadi 15, kwa kuwa virutubisho vyake ni vichache zaidi. Haimwagwi katikati ya bwawa. Hufungwa kwenye viroba vilivyotobolewa, au huwekwa kwenye kizimba cha fito kwenye kona, nayo huchokorwa kila baada ya siku chache ili virutubisho vitoke taratibu. Samadi iliyorundikana chini huoza bila hewa, ikatoa gesi zenye harufu ya yai viza, na samaki huukimbia upande ule.

Kwa nini tunaitaja fosforasi kila mara? Nchini Kanada, mwaka 1973, David Schindler na wenzake waligawanya ziwa moja dogo la Ontario, Ziwa 226, kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia kaboni, naitrojeni na fosforasi. Upande uliopata fosforasi ndio uliogeuka kijani, na picha iliyopigwa kutoka angani iliwatosha hata wasiosoma sayansi.

Kipimo chetu cha kijani hakihitaji umeme. Simama ukingoni, zamisha mkono ulionyooka huku kiganja kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea machoni pale maji yanapofika kwenye kiwiko, yaani sentimita 30 hivi, bwawa liko sawa. Kikipotea kabla maji hayajafika nusu ya kigasha, vijimea vimezidi: acha samadi. Ukiendelea kukiona hadi maji yanakaribia kwapa, vijimea ni haba: ongeza. Tahadhari ni moja. Maji ya kahawia yenye udongo nayo huficha kiganja, lakini ile ni tope tupu inayozuia mwanga, na chakula hamna. Lazima uitazame rangi kwanza.

Makosa yanayoua samaki wengi hutokea kwenye kijani kilichozidi. Mchana vijimea hutoa oksijeni, usiku huivuta pamoja na samaki na bakteria. Saa ya hatari ni alfajiri. Maji ya nyuzi 30 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari hushika oksijeni miligramu 7.5 tu kwa lita, na huku kwetu kanda ya ziwa, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hushika pungufu ya hapo. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3, sato hupunguza kula na kukua. Ikishuka zaidi, utawakuta wamejaa juu ya maji wakitwetea midomo wazi. Mawingu yakikaa siku mbili tatu mfululizo, vijimea vingi hufa kwa pamoja, bakteria huvishambulia, na oksijeni iliyobaki huisha usiku mmoja. Wakati huo mtu asitie samadi wala chakula. Afungulie maji mapya kwa kuyaangusha kutoka juu ili yachukue hewa, na atoe ya chini, si ya juu, kwa kuwa ya chini ndiyo yasiyo na oksijeni.

Wanaolisha chakula cha dukani nao wana hesabu yao. Kilo 100 za chakula chenye protini asilimia 30 zina naitrojeni kilo 4.8. Ukipata kutoka humo kilo 67 za sato, na huo ni ulishaji mzuri, miili yao imebeba kama kilo 1.5. Kilo 3 na ushei zimebaki majini na kwenye tope, nyingi zikiwa zimetoka mashavuni mwa samaki kama amonia. Vijimea huitumia, bakteria huigeuza kuwa naitreti, na hivyo bwawa hujisafisha, mradi chakula kisizidi uwezo wake. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7 (pH ni kipimo cha tindikali: ikipungua, tindikali imezidi), sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Vijimea vikizidi huinua pH mchana kwa kuvuta kabonidayoksaidi, hivyo bwawa lenye kijani kizito lina hatari mbili, amonia saa tisa mchana na kukosa hewa saa kumi na moja alfajiri.

Jambo jingine ni uzazi. Sato huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, angali mdogo. Jike huatamia mayai mdomoni na muda huo hali chakula, halafu bwawa lililopandwa vifaranga 600, wawili kwa mita ya mraba, hujaa maelfu ya midomo inayogombea chakula kilekile. Uzito wa samaki wote bwawani unaweza usipungue, lakini hakuna hata mmoja wa kupeleka sokoni. Ndiyo maana tunapanda madume tu. Anayeshindwa kuwapata aweke kambale wachache, wadogo kuliko sato, ili wavile vifaranga vinavyoanguliwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, leo utaona maji ya bwawa hayaelekezwi mtoni. Sehemu ya mwisho, ile ya chini iliyovurugwa na miguu, ndiyo yenye tope na virutubisho vingi kuliko yote yaliyotangulia, nayo inakwenda kwenye migomba na matuta ya mchicha. Sakafu itaachwa ikauke hadi ipasuke nyufa, hewa ipenye, bakteria wamalizie kuozesha mabaki. Tope la juu litachotwa kwenda shambani.

Mto huu unaishia Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba karibu 68,800 lakini kina cha wastani cha mita 40 tu. Huko virutubisho vimezidi kutokana na mashamba, maji taka ya miji na moshi wa kuchoma misitu na nyika. Gugu maji, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuta meza imeandaliwa. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 aliwamaliza furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, na baadhi ya furu ndio waliokuwa wakila vijimea na mabaki ya chini. Mabwawa yetu ni madogo, lakini hatuoni sababu ya kuongeza mzigo huo wakati migomba inauhitaji.

Kwa hayo, Mheshimiwa, tuna maombi matatu. La kwanza ni kipima oksijeni na kipima pH vya kutumiwa na vikundi vyote vya kata, vikae ofisini kwa afisa uvuvi. Kiganja hakioni amonia. La pili ni udongo upimwe kabla ya mtu kuchimba bwawa, maana wapo waliochimba kwenye kichanga, na virutubisho vyao vinazama ardhini pamoja na maji kila siku. La tatu ni chokaa ya kilimo iuzwe hapahapa kwa mifuko midogo. Kuifuata mjini kunagharimu usafiri kuliko chokaa yenyewe, na wengi huamua kuiacha, kisha wakashangaa maji kuwa meupe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nyavu ziko tayari upande wa kutolea maji. Tunaomba kuwasilisha, na tunakukaribisha uzungumze nasi kabla jua halijawa kali, maana samaki waliovuliwa hawasubiri.