Noah, Prado au tubaki na IST? Tuko wanane, mbwa na viazi

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Uyole, Mbeya, ambako miezi hii mtu hatoki asubuhi bila sweta. Huwa nasoma unavyowajibu wenzangu, na kilichonivuta kukuandikia ni kwamba hukawii kumwambia mtu asilotaka kulisikia. Nyumbani kwangu kwa sasa kila mmoja anasikia analolitaka tu, hasa baba mwenye nyumba.

Tunataka kubadilisha gari. Tunayo Toyota IST, gari dogo la siti tano, haijawahi kutusumbua, spea zake zimejaa Mwanjelwa, na mafuta inanusa tu. Ila tumeongezeka. Watoto ni wanne: wa kwanza, Tumaini, ana miaka 16 na miguu kama ya twiga, kitindamimba ana miaka 4. Kuna Popi, mbwa jike, mkubwa, wa kilo kama 25. Msiniambie abaki alinde nyumba. Tulishajaribu, akasusa chakula hadi jirani akatupigia simu. Na yupo wa pili kuzaliwa anayefuga simbilisi, ambaye kila tukienda kwa bibi anataka kubeba wawili kwenye boksi. Hao siwahesabu.

Safari zetu kubwa ni mbili. Moja ni ya Mafinga kwetu, wakati wa Krismasi, kama kilomita 250 za lami, na hiyo hainiumizi kichwa. Inayoniumiza ni ya Tukuyu kwa wakwe. Ni kama kilomita 70 tu, lakini ndani yake kuna mlima, ukungu wa Isyonje na mvua ya Rungwe isiyojua kiangazi, halafu mwisho wa lami kuna kipande cha udongo mwekundu hadi kwa wazee. Kikilowa, IST inacheza pale. Na hakuna anayetoka Rungwe mikono mitupu. Utapewa mkungu wa ndizi, parachichi, maharage, na mama mkwe akikupenda zaidi anakuongezea kuku. Juu ya hapo tuna kishamba cha viazi Isyonje, kwa hiyo tukirudi tunapitia gunia.

Sasa nikueleze jambo ambalo madalali wa magari hawalielewi. Mimi ni Mhehe niliyeolewa Unyakyusa. Walioolewa huko wanajua kwamba mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Zamani mwanamke akimwona baba mkwe njiani alikuwa anaacha njia, hamtazami, wala jina lake halitamki. Siku hizi wengi wameacha, ila mzee wangu amepita miaka 80 na hajaacha, nami simlazimishi. Kwenye IST yeye anakaa mbele na mimi nyuma, na magoti yangu yanagusa mgongo wa siti yake. Hasemi neno. Anageuzia uso dirishani kuanzia Kiwira hadi Uyole. Kwa hiyo tukimleta mjini kwa daktari, mimi napanda kosta na kuwafuata nyuma, nalipa nauli huku gari ninalo! Ninachohitaji mimi ni safu ya tatu ya siti. Mzee mbele, mama mkwe na wadogo katikati, mimi na Tumaini nyuma kabisa. Hapo adabu inakaa na safari inakwenda.

Bajeti yetu ni milioni 22, ikiwemo pesa ya kuuzia IST. Wanaume wawili wananipa ushauri, na hawaelewani.

Baba Tumaini anataka Prado. Hoja yake ni barabara: iko juu, inavuta kwa matairi yote manne, tope la kwa wazee itakuwa inalichezea. Anasema pia kwamba injini ya dizeli yenye tabo, yaani turbo ya kuisukumia hewa, haichoki mlimani. Hilo fundi wetu amelithibitisha: hewa inapungua kadiri unavyopanda, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Hapa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, na barabara ya Tukuyu inavuka mita 2,000 pale juu Isyonje. Sawa. Lakini kwa milioni 22 tutapata Prado ya namna gani? Aliyoniletea kuiangalia ni ya namba za zamani sana, bodi limepigwa rangi juu ya rangi, na ukilipiga mafuta moshi unatoka mweusi. Halafu mama mkwe magoti yake yamechoka. Tulipomjaribisha Prado ya jirani alisimama mlangoni, akaitazama ile ngazi ya pembeni, akauliza, “Mwanangu, hapa napandaje?” Tukamsukuma wawili. Mtu mzima wa heshima zake, kusukumwa kila safari? Na siti za nyuma za Prado hiyo ni za watoto, maana kuzifikia lazima ukunje ya katikati na kupenya. Mimi nimevaa kitenge.

Shemeji, mdogo wake Baba Tumaini, anasema Noah. Yeye aliwahi kuendesha mchomoko, yaani Noah ya kubeba abiria, kwa hiyo anaijua Noah kuanzia nati hadi boli. Anasema spea zipo hadi vijijini, mafundi wanaifungua wamefumba macho, mlango wa pembeni ni wa kusukuma kwa hiyo mtoto hawezi kuufungulia bodaboda inayopita, na sakafu iko chini, bibi anaingia kama anaingia sebuleni. Ametuambia tutafute ya 4WD, maana zipo, na inayovuta kwa matairi ya mbele tu tuiache kwa watu wa lami. Ametuonya pia kuhusu injini za D4, zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zilizofungwa kwenye Noah za mwaka 2001 hadi 2007. Anasema hazivumilii mafuta machafu, na asiyesafisha mfumo wa mafuta na kubadili plagi kwa wakati atalalamika kila siku kwamba gari linatetemeka likiwa limesimama.

Nilimsikiliza vizuri kuliko mume wangu, nikiri. Basi tukaenda yadi moja mjini, sisi sita na Popi. Dalali alipomwona mbwa akauliza, “Mama, na huyu?” Nikamjibu kwamba na huyu ni abiria. Ilikuwa Noah ya 2004, siti nane. Tumaini akakaa safu ya tatu, magoti yakagota. Tukasogeza safu ya katikati mbele kidogo, akaenea. Nikazunguka nyuma, nikafungua mlango mkubwa wa juu. Kati ya mgongo wa siti ya tatu na mlango palibaki nafasi ya kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, basi. Ndoo mbili za lita 20 zinakaa sambamba. Popi alipanda, akashindwa kugeuka, akakaa ameinamisha kichwa ananitazama. Dalali akakunja siti za tatu, zinapanda juu pembeni na kufungwa kwa mkanda, na hapo gari likawa ghala: gunia mbili zinalala, Popi anajinyoosha. Ila siti zimebaki tano, na mimi narudi kwenye kosta.

Nilipomsimulia fundi akacheka, akasema nafasi siyo tatizo letu kubwa, tatizo ni uzito. Kumbe Wajapani wanapopanga uzito wa mwisho wa gari la abiria wanahesabu kilo 55 kwa kila siti. Siti nane ni kilo 440. Nikachukua kalamu. Mume wangu 80, mimi 70, mama mkwe 70, baba mkwe 65, hapo ni 285. Watoto kwa pamoja kama 125, tumefika 410. Mbwa 25. Zinabaki kilo 5. Kilo 5, Ndugu Mshauri, kwa mtu anayetoka Rungwe! Mkungu mmoja wa ndizi unazimaliza na kuzidi. Gunia la viazi kisheria lisizidi kilo 100, na wewe unajua lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, bado zipo. Shemeji anasema michomoko inabeba watu kumi na mizigo kwenye keria na inafika. Inafika, ndiyo. Lakini mimi naishi Uyole, nimeshaona yanayofika na yasiyofika. Huku malori yanakatika breki mteremko wa Inyala, huku Iwambi, na hayo ni magari yaliyotengenezwa kubeba. Noah yenye watu wanane, gunia juu ya keria na ukungu wa Isyonje mbele yake sitaki kuipanda na wanangu, hata kama dereva ni mume wangu na anashuka na gia ndogo.

Tuliangalia na mengine. Alphard ni tamu, siti zake unaweza kulala, ila ile ya kawaida ina injini ya cc 2,362 na iko chini mno kwa kile kipande cha udongo. Ndugu yetu anayetoa magari bandarini Dar es Salaam alinieleza kwamba ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini za zaidi ya cc 1,000 hadi cc 2,000, na zikizidi hapo ni asilimia 10. Noah nyingi zina cc 1,998, zimepona kwa cc mbili. Lakini gari lililopita miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, halafu kuna forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, zinapandiana mmoja juu ya mwingine. Ndiyo maana tumeamua kununua lililokwishatembea hapa nchini. Hiace ingebeba kila kitu, mbwa, wazee na lumbesa, ila Baba Tumaini amekataa katakata. Anasema akiegesha tu mbele ya kanisa watu watamuuliza linaondoka saa ngapi. Delica naipenda kwa macho, iko juu na ina safu tatu, shemeji anasema hapa Mbeya spea zake ni za kuagiza. Pikapu yenye milango minne inamaliza tope na viazi, lakini haina safu ya tatu, na Popi huko nyuma na mvua ya Rungwe hapana.

Kwa hiyo mimi nimefika hapa. Naona tunalazimisha gari moja lifanye kazi ya magari mawili. Mawazo yangu ni tununue Noah ya 4WD, iwe ya watu na mbwa, na mizigo tuiachie kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Kijana wa Isyonje mwenye kirikuu anashusha viazi Uyole akiwa na mizigo ya wenzangu, tunachangia gharama. Nikipiga hesabu ya mafuta ya Prado mwaka mzima, sioni kwa nini kirikuu kitushinde. Baba Tumaini anasema huo ni ushamba, mtu ana gari halafu anakodi gari. Mimi namuuliza, kwani sasa hivi mkewe anafanya nini akipanda kosta?

Nisaidie kwa haya. Kwanza, hiyo hesabu ya kilo 55 fundi ameipatia, na je, kilo za ziada zinazovumilika zipo au ni bahati tu ya michomoko? Kama tukibadilisha springi na shokapu za nyuma kuweka ngumu zaidi, kama wanavyofanya wengi, inasaidia kweli, au breki zinabaki zile zile?

Pili, nikienda kukagua Noah ya 4WD, nitajuaje kwamba tairi za nyuma bado zinavuta? Dalali aliniambia “inavuta mama, amini”. Yadi ina lami. Na nitajuaje kwamba gari halijawahi kuwa mchomoko likafanyiwa bodi na kubadilishiwa vitambaa vya siti? Niliambiwa nitazame pedali na reli za mlango wa pembeni zilivyolika. Kuna pengine pa kutazama?

Tatu, Popi. Tukiwa wanane anakaa wapi? Nimefikiria kumweka sakafuni miguuni kwangu safu ya tatu, ila sipendi wazo la mbwa asiyefungwa breki ya ghafla ikishikwa. Wasomaji wanaosafiri na mbwa wanamfungaje? Na anatapika kwenye kona za Kiwira, kwa hiyo anayejua dawa ya hilo pia aseme.

Nne, na hili naomba ulijibu kwa sauti Baba Tumaini aisikie, maana ukurasa huu anausoma kabla yangu: Prado ya milioni 22 ya mwaka huu ni gari au ni mradi wa fundi?

Dalali wa ile Noah ya 2004 ananipigia kila siku kutaka kishika uchumba. Nimemwambia namsubiri mshauri, akadhani ni mganga.

Wako,
Mama Tumaini,
Uyole, Mbeya