Minyororo ya vifaru vya modeli isipakwe rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaounda modeli za vifaru, hasa wale wanaonunua minyororo ya madini ya kipimo cha 1:35 (mara 35 ndogo kuliko ya kweli) kwa bei ya kuumiza, kisha wakaipulizia rangi ya kopo. Rangi haidumu pale. Pingili hukunjana kila mnyororo unapozunguka gurudumu, na utando wa rangi haukunjani nazo. Hupasuka kwenye maungio, hubanduka, na weupe wa madini ukachungulia. Tena rangi huingia kwenye matundu ya pini ikakaukia humo, na mnyororo uliotakiwa kulegea kwa uzito wake ukawa mgumu kama fimbo.

Kwenye kifaru cha Kisovieti T-54 na ndugu yake wa Kichina, Type 59, ambayo JWTZ ilikuwa nayo katika Vita vya Kagera vya 1978–79, kosa hilo halifichiki. Kifaru hiki hakina vigurudumu vya juu vya kushikilia mnyororo, kwa hiyo sehemu ya juu hulalia magurudumu yenyewe na kubonyea katikati yake, zaidi pale penye pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili. Mnyororo uliogandishwa na rangi hukaa umenyooka, na modeli yote inaonekana ya uongo.

Tumia dawa ya kusawijisha madini. Hiyo hubadili rangi ya madini yenyewe bila kuongeza unene. Kwanza zibua matundu kwa drili ya mkono, unga pingili kwa waya, na tone la gluu liguse ncha ya nje ya waya tu. Likipenya ndani, ungio limekufa. Kisha ondoa mafuta, maana ndiyo adui wa dawa: sugua kwa mswaki na sabuni ya vyombo katika maji ya uvuguvugu, suuza, na tangu hapo usishike bila glavu. Alama ya kidole itabaki doa jeupe.

Mimina dawa kwenye chombo cha plastiki au kioo ambacho hakitarudi jikoni, kwa kuwa nyingi kati ya dawa hizi ni sumu, na fungua madirisha. Anza na kipimo kimoja cha dawa kwa kimoja cha maji, ujaribu kwanza pingili moja ya akiba. Tumbukiza mnyororo na uutikise usijilalie. Dakika tano hadi kumi hutosha. Ukiuacha mno, weusi hugeuka masizi yanayotoka kwa kidole. Suuza kwa maji mengi yanayotiririka, halafu kausha kwa feni ya nywele, kwani maji yakibaki kwenye maungio huacha ukungu mweupe siku ya pili. Dawa hii haifanyi kazi kwenye plastiki. Huko rangi ndiyo njia pekee.

Sasa kutu, ambako wengi huharibu kazi nzuri. Mnyororo wa kifaru kinachotembea si wa rangi ya chungwa. Kutu ya namna hiyo ni ya usiku mmoja wa mvua, na kwenye nyuso zinazogusa ardhi hufutika mara kifaru kinapoanza kwenda. Weka kahawia iliyokolea mashimoni mwa pingili tu. Kwa vumbi la ardhi, poda ya udongo ichanganywe na spiriti ya kuyeyushia rangi, ipakwe, iachwe ikauke usiku kucha, halafu ifutwe kwa kitambaa. Usiogope ikionekana imekolea ikiwa mbichi, ikikauka hupauka. Kwa kifaru cha Kagera chagua poda nyekundu, si ile ya kijivu inayouzwa kwa ajili ya mandhari ya Ulaya.

Mwisho pitisha msasa wa namba 1000 kwenye matuta yanayokanyaga ardhi, mara mbili tatu, kwa wepesi, kwa sababu madini haya ni laini. Meno ya katikati yaguse kwa penseli laini ya 4B. Upande wa ndani, njia mbili za magurudumu zing'ae kidogo tu: magurudumu ya T-54 yamevishwa mpira, hayasugui kama ya chuma tupu. Na anayeunda Sherman, kifaru cha Kimarekani, ya aina ambayo mnyororo wake halisi ulikuwa wa mpira, asahau msasa huo kabisa, kwa sababu mpira haung'ai wala haushiki kutu. Penseli iishie kwenye viungio vya pembeni na meno.

Fundi wa modeli,
Mwanza