Kihamba cha Baba

Kibosho, Moshi

Shoga yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu si ya mchezo. Uliniuliza kwenye simu kama tumeshagawana kihamba cha Baba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, nikakwambia nitakuandikia maana habari yenyewe ni ndefu. Kwa kifupi, hatukugawana na wala hatugawani.

Babu alikirithi kwa baba yake, naye alipewa na mangi, mtawala wa Wachagga, enzi zile mangi ndiye mgawa ardhi. Chini ya migomba Babu akapanda kahawa, na mabati ya kwanza ya nyumba yalitokana na kahawa aliyouza kupitia chama cha ushirika cha KNCU. Wavulana wake walikuwa wanne. Wa kwanza akakatiwa upande wa juu, penye mfongo, mfereji wa kumwagilia. Wa kati wakapewa mashamba tambarare. Baba, kitinda mimba, akabaki nyumbani na wazazi. Basi yule baba mkubwa wa juu naye akawagawia wanawe, na mmoja wao akauza kipande chake kwa mtu wa mjini. Kahawa ikang'olewa, ukuta ukapanda, mfongo ukazibwa. Sasa maji tunayasubiri bombani kama watu wa mjini.

Kwa hiyo kikao cha ukoo kilipokaa baada ya arobaini ya Baba, nilikwenda nimejiandaa. Baba mkubwa aliyebaki akasema mila ni mila, kihamba ni cha kitinda mimba. Wote tukamgeukia mdogo wangu. Akacheka, akasema, "Mimi niko Tunduma na lori. Huyo ng'ombe wa Baba nitamkatia majani saa ngapi?" Hapo kikao kikalegea. Mama, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza kahawa ya mwaka jana aliichuma nani. Hakuna aliyemjibu, maana aliyeichuma ni mimi, niliyekuwa namimina chai vikombeni.

Wakanichagua niwe msimamizi wa mirathi. Tukaandika muhtasari, wote wakatia saini, nikaupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Baba mkubwa alisaini mwisho, kwa herufi ndogo kweli kweli. Simlaumu. Anaogopa binti akipewa ardhi, ardhi inahamia kwa ukoo wa mume. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na waliouza mpaka sasa ukoo mzima unawajua, hakuna hata mmoja aliyevaa gauni.

Tulichokubaliana ni kuomba hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina matatu: Mama, mimi na kitinda mimba. Mmoja wetu asiweze kuuza peke yake. Makaburi ya Babu na Baba yako nyuma ya zizi. Nani atamuuzia mgeni hayo?

Kupima mipaka ndiko kulikotuchosha. Upande wa mashariki jirani alidai mpaka unapita kwenye mparachichi. Tukamwita bibi wa nyumba ya chini, mtu mzima sana, akaja na fimbo yake. Akafukua majani makavu ya migomba, hatua kama mbili ndani ya shamba la jirani, na hapo kikaonekana kisiki cha isale, mmea tunaoupanda kuonyesha mpaka, kimekatwa kwa panga lakini pembeni kimechipua majani mawili. Jirani akasema labda ng'ombe walikula. Bibi akamtazama tu. Mpima akaweka alama pale pale, na mchana ule ule nikapanda masale mengine kando yake.

Hati yenyewe bado, tunasubiri kijiji. Ukija Desemba utalala chumba cha Baba, nimeshakipaka rangi. Na shemeji mwambie mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, asije na bia zake.

Wako wa siku zote,
Mama Mdogo wa watoto wako