Sinema ya zamani ikigeuzwa ukumbi wa muziki, msianze na viti

Ndugu Mhariri,

Tunawaandikia wote wanaotaka kufungua tena sinema za zamani za katikati ya mji wa Lubumbashi ziwe kumbi za muziki. Kazi hiyo tunaiunga mkono kwa moyo wote. Wanaosema sinema iliyokufa inafaa depo tu wakumbuke Olympia ya Paris: ilizaliwa 1893 kwa ajili ya muziki, ikawa sinema 1929, na 1954 mkurugenzi wake mpya Bruno Coquatrix akairudishia muziki. Ndipo alipoimba Tabu Ley Rochereau, mwimbaji wetu wa rumba ya Kongo, mwaka 1970.

Ombi letu: msikimbilie kung'oa viti na kununua bafle (spika) kubwa.

Sinema ilijengwa ili sauti itoke nyuma ya kitambaa cha picha chenye vitundu, imfikie msikilizaji, kisha ife upesi. Viti ndivyo vinavyoiua, kwa sababu sponji na mahameli hunyonya sauti karibu sawa na mtu aliyekaa. Chukueni ukumbi wa mita 20 kwa 12, dari mita 7, yaani mita za ujazo 1680. Hesabu ya Sabine, inayotoa sekunde ambazo mwangwi unadumu, ni 0,161 mara ujazo, gawanya kwa unyonyaji, yaani uwezo wa vyote vilivyomo ukumbini kumeza sauti. Mkiwa na unyonyaji wa mita za mraba 300, mwangwi unadumu sekunde 0,9, na muziki wa vyombo vya umeme unakaa vizuri. Mking'oa viti 200, kila kimoja kikinyonya 0,4, mmepoteza 80. Mwangwi unapanda hadi sekunde 1,2. Hapo sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, inaharibika: gitaa ya mi-solo inazama ndani ya gitaa ya solo, na besi inabaki mngurumo usio na noti. Watu wakijaa, sauti nyembamba zinapona, lakini besi haiponi. Wimbi la herzi 100 lina urefu wa mita 3,4, na pazia halilishiki. Dawa yake ni tripleksi (mbao za plaiwudi) ya milimita 6 iliyopigiliwa kwenye fremu, sentimita 10 mbele ya ukuta, na sufi ya mawe nyuma yake. Hiyo hunyonya karibu na herzi 100 hasa.

Jukwaa nalo ni fupi: nyuma ya kitambaa mara nyingi mna mita mbili au tatu, na orkestra yenye batri (ngoma za drams), gitaa tatu, waimbaji na wachezaji inataka mita 6. Ongezeni kwa mbele. Safu tatu za kwanza ndizo viti vya kutolewa. Mteremko wa sakafu msiujaze kifusi, kitashika maji ya mvua kwenye msingi wa kuta. Tengenezeni ngazi za mbao juu yake.

Umeme. Taa 12 za zamani za wati 1000 zinavuta ampea 55 kwenye volti 220. Za LED za wati 150 zinavuta 8. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa grupu, yaani jenereta. Taa na sauti zipewe fezi tofauti, lakini waya wa ardhi uwe mmoja. Ukiwa na ardhi mbili, mpiga gitaa akigusa mikro kwa midomo anaweza kupigwa na umeme. Wekeni dijonkta ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja, na ardhi mpime mwisho wa kipwa (kiangazi), mwezi wa 10, udongo ukiwa umekauka. Kipimo cha Januari, mvua ikinyesha, kinadanganya.

Milango ifunguke kwa nje. Mahali viti vikitolewa, pale walipokaa 200 wanaweza kusimama hata 600, na wote lazima waweze kutoka.

Tunaomba pia kile chumba cha projekta kisivunjwe. Kuta zake nene na vifuniko vya chuma vya madirisha viliwekwa kwa sababu ya filamu za nitrati, zilizotumika hadi mwanzo wa miaka ya 1950 na ambazo ziliwaka hata zikizamishwa majini. Fundi wa taa akae humo. Fundi wa sauti hapana, kwa maana nyuma ya kioo hasikii ukumbi. Yeye akae chini, theluthi mbili ya njia kutoka jukwaani, na nafasi yake ipimwe kabla viti havijapangwa upya.

Mafundi wa sauti na umeme,
Lubumbashi