Barua kwa mliorudi kutoka matibabu ya saratani hospitali za Ocean Road na Bugando: msiuze mawese kununua makopo ya poda

Wanangu, wadogo zangu, na ninyi mnaowauguza,

Ninaandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Nimeisubiri ipoe wiki mbili sasa, haijapoa.

Nilikwenda Mwanga, hapahapa Kigoma, kumjulia hali binti mmoja wa kikundi chetu. Jina lake nalihifadhi, ila mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Alimaliza mionzi na dripu za dawa za saratani Dar es Salaam, akapanda treni ya Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 akiwa ameegemea mto, na wiki aliyoshuka stesheni ya Kigoma mizani ya zahanati ilisoma kilo 56. Safari hii nilimkuta na kilo 47. Moyo ulinipasuka, nikajua ugonjwa umerudi. Tukampeleka kliniki, wakampima, haujarudi. Binti alikuwa anashindishwa njaa, na wanaomshindisha ndio wanaompenda kuliko watu wote.

Shangazi yake alinionyesha rafu kwa fahari kabisa. Poda ya kijani. Poda ya kahawia. Vidonge vya "kusafisha damu". Na chupa moja yenye picha ya karoti, imeandikwa vitamini A. Nikauliza hela imetoka wapi. Yameuzwa madumu matatu ya mawese kutoka michikichi ya babake.

Nilitafuta pa kukaa. Hebu niambieni, ninyi mliozaliwa Kigoma mkalelewa na mawese, ule wekundu wake mnadhani ni rangi ya urembo? Ni karotini, kitu kilekile ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A. Tumetoa lita sitini za kitu hicho nje ya mlango, tukaingiza vidonge sitini. Na vidonge vyenyewe si vya kuchezea. Mwaka 1994 watafiti wa Ufini walitoa matokeo ya wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000. Baadhi yao walikuwa wamepewa vidonge vya beta-karotini, ambayo ni aina ya karotini, kwa miaka mitano hadi minane, watu wakitumaini vingewakinga. Waliovimeza wakapata saratani ya mapafu zaidi ya wasiovimeza. Sijasikia kijiko cha mawese kwenye maharage kikifanya hivyo kwa mtu. Ila msiyachemshe mpaka yatoe moshi mweupe, wala msikaangie mafuta yaleyale siku nne.

Halafu orodha ya marufuku, imebandikwa ukutani. Ugali marufuku, kwa sababu wanga ni sukari na sukari ni chakula cha saratani. Dagaa marufuku, wana chumvi. Maharage marufuku, yanajaza gesi. Ndizi marufuku, nikauliza kwa nini, shangazi naye hakujua, ilikuja hivyo kwenye simu. Kilichobaki ni juisi ya majani mabichi, glasi mbili kwa siku. Mtu mzima aliyetoka kuchomwa mionzi!

Nisikilizeni kuhusu sukari, maana hii ndiyo inayowaua kwa hofu. Kila chembe ya mwili inatumia sukari, nzima na mbovu. Ukimnyima mgonjwa wanga wote, ini lake linaanza kutengeneza sukari lenyewe, na sehemu ya malighafi yake ni misuli. Ndizo zile kilo tisa. Soda punguzeni, tena sana, na hilo kasha la soda mnalombebea mgonjwa kila mkija kumtazama badilisheni muwe mnaleta mayai. Lakini soda siyo ugali.

Na nyama nyekundu? Wataalamu wa World Cancer Research Fund wanasema isizidi kama nusu kilo iliyopikwa kwa wiki, na soseji na jamii yake ziepukwe kadiri inavyowezekana. Nusu kilo kwa wiki! Nani hapa kwetu anaifikia, labda siku za arusi? Mnamkataza mtu kitu asichokuwa nacho, mnaona mmemtibu.

Sisemi haya kwa sababu nina akili kuliko ninyi. Mimi nilitolewa titi la kushoto na tezi za kwapani, na niliporudi nyumbani jirani akaniletea chupa ya mizizi, chungu kama nyongo. Nikanywa siku nane. Tumbo likaendesha mpaka nikalazwa, nikawekewa maji. Muuguzi akaniuliza, "Mama, umekunywa nini?" Nikamjibu, "Maji tu." Mimi, niliyekuwa bibi shamba kwa miaka thelathini, niliyekuwa nikiwafokea wakulima walionidanganya vipimo vya mbolea! Kwa hiyo lolote mnalokunywa, mwambieni daktari kabla hamjanywa, hata likiwa limetoka kwa mama mkwe. Hata balungi, tunda la Mungu, linavuruga baadhi ya dawa mwilini.

Tumelaumu wauza makopo vya kutosha. Lakini wanaingia kwa sababu mlango uko wazi. Mtu anamaliza matibabu, anapewa kadi na tarehe ya kurudi, anapanda treni. Hakuna aliyekaa naye nusu saa akamwambia ale nini. Akifika huku anakuta majirani wamemtengea sahani na kikombe chake, eti asije akawaambukiza. Saratani haiambukizwi kwa sahani! Muuza makopo mwenye kipaza sauti pale sokoni ndiye mtu wa kwanza kumwita "mama yangu" na kumsikiliza. Hapo unashangaa nini akifungua pochi?

Sasa nirudi kwa binti. Nyuma ya nyumba yao kuna nafasi ya hatua kumi kwa sita. Kabla hajaugua palikuwa na matembele yake, leo ni jalala. Nikamwambia tuanzie hapo. Mnielewe vizuri: bustani haitibu saratani, na atakayewaambia inatibu mfungieni mlango kama yule wa poda. Bustani inakupa mboga ya leo bila kuomba hela, inakutoa kitandani, na inakupa kitu cha kukasirikia ambacho siyo mwili wako. Mimi miaka ile nilikuwa siamki kwa ajili ya mtu yeyote. Niliamka kwa ajili ya konokono waliokuwa wanakula figili zangu.

Anzeni na gunia moja. Changanyeni udongo na samadi iliyooza. Kinyesi cha kuku kibichi kinaunguza mizizi na kinabeba vijidudu ambavyo mwili wenu bado hauna nguvu ya kupambana navyo. Katikati simamisheni mawe madogo kuanzia chini mpaka juu, ili maji yashuke hadi chini ya gunia. Toboeni ubavuni, pandikizeni humo. Mchicha unaanza kuchumwa ndani ya wiki tatu au nne. Matembele hayataki hata mbegu, marando tu, nayo ukiyachuma yanazidi. Wadudu wakija, jivu kwanza. Ukilazimika kupulizia dawa ya dukani, soma siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kifungashio uzihesabu, usifanye kama wale wanaopulizia jioni na kuchuma alfajiri kupeleka sokoni. Nimewaona kwa macho yangu nilipokuwa kazini, nao nyumbani kwao walikuwa na tuta la pembeni lisilopuliziwa, la kula wenyewe.

Waliotolewa tezi za kwapani kama mimi: glavu kila siku, hata kwa kung'oa jani moja. Mchubuko mdogo ukiingiwa na uchafu, mkono unavimba na unaweza usirudi ulivyokuwa. Ukiona umekuwa mwekundu na una joto, hospitali siku hiyohiyo. Jembe msilikimbilie. Wiki za kwanza kijiko na kikopo cha maji, mzigo uongezeke kidogokidogo. Waliopigwa mionzi wafunike ile ngozi, na jua kali waliache. Ambao bado wako kwenye dripu na chembe nyeupe za damu ziko chini, udongo na samadi waachieni wengine kwa sasa, ninyi kaeni kivulini muwe wasimamizi. Kachumbari na juisi ya majani mabichi nazo ziacheni mpaka daktari aruhusu. Mboga ioshwe kwa maji safi na iive.

Chakula sasa. Kama mdomo una vidonda, uji wa ulezi uliopoa, na dagaa waliotwangwa laini kama vumbi, loweka kwanza chumvi itoke. Parachichi, papai lililoiva. Tumbo lililochomwa mionzi likiwa linaendesha, maharage na mboga ngumu zisubiri, kula kidogo mara sita badala ya sahani moja kubwa. Likitulia, rudi kwenye chakula cha nyumbani: ugali, maharage, samaki wa mgebuka, viazi lishe, majani ya maboga, kisamvu kilichoiva sawasawa. Karanga nzuri, lakini yenye ukungu itupwe, msiikaange mkidhani moto utaiponya. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haifi kwa moto wa jikoni, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kwa miaka mingi inajenga saratani ya ini.

Mengine mnayajua. Sigara, acheni. Pombe, acheni. Tembeeni kila siku. Pimeni uzito kila wiki, ukishuka bila sababu msiningoje mimi. Vidonge ulivyoandikiwa na daktari kwa miaka mitano vimezwe miaka mitano. Mabinti wenu wapelekeni wakachanjwe chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, imo nchini tangu 2018 na ni bure.

Binti wa Mwanga, Jumapili iliyopita nilimkuta ameketi kwenye kigoda, anakula ugali wa muhogo na dagaa walioungwa kwa mawese. Shangazi yake alisimama mlangoni kama anayeangalia mtu akimeza wembe. Akamaliza, akaomba limau.

Marando ninayo ya kutosha watu ishirini, na mbegu za mchicha nimeshaanika. Jumamosi njooni Ujiji na gunia tupu na glavu zenu, mwenye hali ngumu amtume mtoto. Njooni asubuhi, jua likifika saa nne naingia ndani, sifungui mtu.

Bibi yenu, bibi shamba mstaafu,
Ujiji, Kigoma