Mume wangu anasema gari la viti viwili ni la kumwacha yeye nje

Shikamoo Shangazi,

Samahani kama barua itakuwa shaghalabaghala, sijalala. Yeye amelala, anakoroma vizuri tu, kana kwamba hakusema kitu. Mimi niko jikoni na simu, nimeangalia matangazo ya magari mpaka macho yanawasha, mwisho nikaona bora nikuandikie wewe. Ndugu zangu nikiwaeleza watasikia "gari la mbio" na hapohapo watakuwa wameshahukumu, hawatafika kwenye lile neno lenyewe.

Neno lenyewe alilisema mbele ya mdogo wangu na mbele ya wifi yangu, sahani za pilau bado ziko mezani. "Anayetaka gari la viti viwili anajua nani anamwacha nje." Akacheka. Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, Shangazi, nikakusanya sahani.

Mimi si mtoto na wala sijapagawa. Huku Uingereza kuna siku ambazo watu wa kawaida wanalipia na kuingia kwenye viwanja vya mbio na magari yao haya haya ya kwendea kazini. Si mashindano. Hakuna mshindi, na kujipimia muda hairuhusiwi. Asubuhi mnakalishwa darasani mnaelezwa bendera, kisha mnazungushwa taratibu nyuma ya gari la mwalimu muijue njia. Helmeti lazima, nguo ya mikono mirefu lazima, na humpiti mtu mpaka yeye mwenyewe akupe ishara, upande mliokubaliana. Kelele za gari zinapimwa kwa mashine kabla hujaingia. Kwangu mimi pale ni salama kuliko barabara kuu ya M1 usiku nikitoka zamu, katikati ya malori, na hiyo M1 hakuna aliyewahi kunikataza.

Alinipeleka mwenzangu mmoja wa wodini, nikakaa kiti cha abiria, pale Bedford. Ule uwanja uko kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ukiteleza unaishia kwenye lami tupu au majani, kuta ziko mbali. Nilishuka miguu inatetemeka na nilikuwa nacheka peke yangu. Baadaye nikaingia na gari langu, Honda Jazz ya kwendea sokoni. Usinicheke. Ilikwenda vizuri mpaka pedeli ya breki ikaanza kuzama. Mwalimu akanieleza kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, yakishika moto mkali yanachemka na kutoa mapovu, na mguu wako unakuwa unabana mapovu badala ya mafuta. Nikazunguka mzunguko mzima polepole kuzipoza, nikaegesha bila kuvuta hendibreki, maana pedi za moto hazibanwi kwenye diski zilizosimama. Tangu siku hiyo nanunua mafuta yanayostahimili joto zaidi, nayabadilisha kila kabla ya kwenda, na pedi nimefunga nzuri. Presha ya matairi naipima yakiwa yamepata moto, naipunguza. Sasa niambie, mtu anayefuatilia mambo hivi ndiye wa kuchekwa mezani?

Jazz imechoka. Na zamu yangu ya upatu inafika mwezi ujao, kijumbe ameshathibitisha. Pauni elfu nane. Ni hela zangu za zamu za usiku na za Jumapili, sikugusa hela ya nyumba. Nakwambia hivi kwa sababu najua utaniuliza. Nyumba ya kwao imeezekwa na nani? Hitima ya baba yake nani alilipia mchele na ng'ombe? Mtoto mkubwa ameingia chuo mwaka huu, vitu vya chumbani kwake kuanzia godoro mpaka sufuria nilinunua mimi. Sisemi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu mtu aliyefanya yote hayo anaambiwa anaacha watu nje.

Basi gari. Hili ndilo ninalokuuliza, mengine nayaeleza tu ili unielewe.

Ninayoitaka mimi ni Mazda MX-5, ile ya kizazi cha tatu, injini ya lita mbili, gia sita za mkono. Nyepesi, tani moja na kidogo tu. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi, wanauliza nguvu kwanza. Gari jepesi halili matairi, haliunguzi breki, linakaa uwanjani siku nzima na jioni linakurudisha nyumbani. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, usukani unakuambia kila kitu kinachotokea chini. Niliyoiona mmiliki wake mzee, ana karatasi zote za fundi. Nikaomba inyanyuliwe nikaingia chini na tochi, maana Mazda hizi adui yake kutu. Ina kutu kidogo kwenye mabomba, si ya kutisha. Kasoro yake nyingine ni kwamba ni ya wazi, paa la turubai, na waandaaji wengine hawakuruhusu na gari la wazi mpaka uwe na chuma cha kukinga kichwa likipinduka. Nimeshauliza bei ya hicho chuma. Kinafungwa.

Na ina viti viwili. Ndiyo. Kiti kimoja changu, na cha pili, Shangazi, nilipoiona ile Mazda nilimfikiria yeye! Nilimwona amekaa pale amevaa helmeti, ameshika mlango, anapiga kelele. Ningemwambia hivyo kama angeniuliza. Hakuuliza. Alisema lile neno lake.

Yeye ana jibu lake. Amekaa na mdogo wangu wakapanga, watu wawili ambao hawajawahi kukanyaga uwanja, wakaniletea gari kwenye simu: Hyundai i30 N. Milango mitano, nguvu farasi 275, buti la kuweka mabegi ya watoto. Nimesoma habari zake, si gari baya, wanaolijua wanalisifu. Lakini ni zito kuliko Mazda kwa zaidi ya kilo mia tatu, uzito wote huo na nguvu zote hizo zinamalizikia kwenye matairi ya mbele, na kila siku ya uwanja ningekuwa nateketeza hela. Halafu elfu nane haitoshi. Akasema tutaongezea mkopo. Yeye! Aliyetukalisha miaka yote kwenye nyumba ya kupanga kwa sababu ya riba, leo riba imekuwa halali ili mimi niwe na viti vya nyuma.

Mdogo wangu anataka Civic Type R. Hilo halihusiani na mimi, anataka dada yake anunue ili yeye aendeshe, nimemlea namjua.

Kuna Fiesta ST. Nimeiendesha ya mwenzangu. Ina tabo, ina raha, kwenye kona kali gurudumu la nyuma la ndani linanyanyuka kutoka chini na wewe unasikia kabisa. Viti vitano, spea bado zimejaa ingawa Ford waliacha kuzitengeneza 2023, bei ndani ya elfu nane. Mtu mwenye akili angenunua hiyo na barua hii isingekuwepo.

Na kuna Toyota GT86. Hii ndiyo inayoninyima usingizi, kama si yeye. Ilitoka 2012, waliitengeneza pamoja na Subaru, injini ile ya silinda zilizolala ubavu, ya lita mbili, farasi 200, inasukuma nyuma kama Mazda, ina paa la chuma. Ukilaza viti vya nyuma matairi manne yanaingia, unakwenda na seti ya pili ya uwanjani. Na ina viti vinne! Nikaona nimepata dawa, nikampelekea picha. Akaikuza ile picha ya viti vya nyuma, akasema hapo hata paka hakai. Kweli hakai mtu mzima, sibishi, lakini viti ni vinne, kwenye kadi ya gari vimeandikwa vinne. Nikamwambia, unajua hii ilipotoka kiwandani ilivalishwa matairi ya aina ile ile ya Prius yako? Nilidhani atafurahi. Akasema, "Basi panda Prius."

Prius. Hapo ndipo roho inaponiuma zaidi, na jana sikusema kwa sababu wifi alikuwepo. Gari lake lina viti vitano. Usiku kucha vinakaliwa na watu nisiowajua, walevi, wasichana wa disko, wasafiri wa kiwanja cha ndege Luton, ni kazi yake na sijawahi kumuuliza nani alikaa mbele. Mimi mwenyewe nimekaa humo lini? Nikitoka zamu napanda basi kwa sababu saa hiyo ndiyo ya abiria. Sasa kati yangu na yeye nani ameachwa nje?

Anasema pia bima. Ni kweli bima ya kawaida hailipi ukigonga ndani ya uwanja, ndiyo maana kuna bima ya siku moja, inanunuliwa. Anasema nikiumia watoto watabaki na nani. Wakati anasema hivyo anaendesha saa kumi na mbili mfululizo macho mekundu. Sikutaka kugombana. Nilitaka gari.

Nikueleze ukweli kwamba sipendi mwendo kasi. Barabarani mimi ndiye yule wa njia ya kushoto anayepigiwa honi. Ninachopenda ni ile kona moja kuirudia mpaka uifanye sawasawa, kufunga breki ukiwa umenyooka, kuachia taratibu, kugeuka, kisha kukanyaga mafuta. Ingawa siku moja mwanamume mwenye BMW kubwa ilibidi anipe ishara nipite na Jazz, na mpaka leo nikikumbuka natabasamu peke yangu kwenye lifti ya hospitali. Na pale nikishavaa helmeti simu inabaki kwenye begi. Hakuna anayeniita mama wala dada wala sista, hakuna anayetaka dawa wala nauli. Sijui kama ndilo hilo alilolisikia kwangu kabla mimi sijalisema. Mtu mnayelala naye anaweza kusikia kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui? Maana mimi sina mpango wa kwenda popote. Nani amesema nina mpango? Gari ni gari.

Halafu ningependa aje, hata mara moja, asimame pale ukutani na chai yake aone. Wenzangu wanakuja na waume zao. Ila akija najua atatoa ushauri, na siku itakuwa si yangu tena. Kwa hiyo asije. Lakini aombe kuja.

Wifi yangu alinifuata jikoni akaninong'oneza kwamba ndugu yake anaogopa tu, wanaume wakifika umri ule wanaogopa, na mimi ninunue kimyakimya, gari likishafika mlangoni atalizoea. Mdogo wangu anasema nichukue i30 nimalize maneno. Mwenzangu wa wodini anasema nichukue Mazda, kisha Mazda tena. Wewe ndiye hujamwona hata mmoja wetu, ndiyo maana nakuuliza: nichukue Mazda iliyo mkononi, bei yake inatosha na chuma kile na matairi na chenji inabaki, au nisubiri nijikusanye nipate GT86 isiyotembea sana, ili mtu asipate tena la kusema mezani? Au lile neno lake nimwulize kwanza maana yake? Mazda imekaguliwa, MOT yake, ule ukaguzi wa kila mwaka, mpya, na kwa kweli moyo uko huko, lakini kila nikifungua picha yake naona vile viti na nasikia watu wanacheka.

Mzee anasema kuna kijana amekuja kuiangalia mara ya pili na anataka jibu langu kabla ya Ijumaa. Siku ya uwanja ya mwezi ujao nimeshailipia na hairudishwi, kwa hiyo kwenda nitakwenda, hata na Jazz.

Ukinijibu usiandike jina la mji. Mama mkwe ana shoga yake anayekusoma kila wiki.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mama wa wawili, Uingereza