Kaye ya matembezi ya kisiwa cha Idjwi
Jambo ndugu wote. Kila mtu abebe kaye ndogo iliyoshonwa kwa uzi. Ile ya gundi huachia kurasa ikipata unyevu. Andikeni kwa kreyo HB. Wino wa maji huyeyuka mvua ikinyesha, na hata biki ya kawaida hukataa karatasi yenye unyevu.

Kaye iingie ndani ya sashe mbili, kila moja mdomo wake ukunjwe vizuri. Tafadhali isikae mfukoni mwa suruali, jasho litailowanisha hata siku ya jua kali.

Kila pumziko andika saa, mahali, na kitu kimoja ulichosikia au kunusa. Maneno matano yanatosha. Jioni yapanueni kabla ya kula. Mkishashiba fufu, usingizi unashinda. Wembe wa kuchongea nitaleta mimi.